Penseli Pembezoni

Bunda hili nililinunua Isevya, kwa muuza viatu
aliyelitumia kukandamiza turubai lisipeperuke.
Elfu nne. Akapunguza mia tano kwa sababu ya mchwa.
Kurasa mia tatu na kumi za fotokopi, kamba ya katani mgongoni:
kushoto, msimbo wa kiini cha mfumo endeshi;
kulia, maelezo ya mwalimu asiye na haraka;
na pembezoni, kwa penseli, mtu wa tatu
ambaye hakuandika jina.

Ukurasa wa sita: "Hapa usikimbie."
Ukurasa wa kumi na moja: "Nimekimbia. Narudi."

Mchana nabadilisha vioo vya simu Gongoni,
vioo na chaji, vioo na chaji,
watu wananiita Nyamizi fundi.
Fundi gani, anayeujua mlango tu,
hajui ndani wanalala wangapi,
nani huamka nani akilala?

Usiku nasoma.
Mpangaji (si yule anayedaiwa kodi,
huyu hupanga zamu)
anaushika kila mchakato bega: basi, imetosha, mpishe mwenzako.
Mchakato hauna habari. Hujiona uko peke yake duniani,
kama mimi nilivyodhani
ni mimi tu ninayekesha na mistari hii Tabora nzima.

Siku kumi na tisa nilikwama kwenye kufuli.
Mistari minane. Minane tu!
Niliisoma kwa sauti, nikainakili kwa mkono,
nikaichora kwa chaki sakafuni; shangazi Kalunde akaideki.
Mwalimu anasema: anayeingia afunge, anayetoka afungue.
Sawa. Na wawili wakifika pamoja,
kila mmoja akaukuta mlango wazi
kwa kuwa kila mmoja ametazama kabla mwenzake hajafunga?
Penseli, hafifu, imefutwa nusu:
"Kijiti. Uliza stesheni."

Nikaenda stesheni,
pale njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma.
Kijana wa zamu, Lukelesha, alicheka. Siku hizi ni redio.
Lakini alinionyesha mashine ya chuma kwenye kona,
nyekundu, rangi imepakwa juu ya kutu.
Zamani, kila kipande cha njia na kijiti chake;
dereva asiyekishika mkononi haondoki,
na ukikichomoa kimoja huku
vilivyobaki vinakaza, huku na kule, stesheni zote mbili.
"Kutazama na kuchukua ni tendo moja," akasema.
"Ukitazama kwanza, ukachukua baadaye, hiyo ni ajali."
Akarudi kwenye chai yake.

Sikupanda bodaboda. Nilitembea hadi nyumbani,
polepole, kama aliyebeba ndoo imejaa.

Luku iliisha ukurasa wa mia na hamsini na mbili.
Nikawasha tochi ya simu ya mteja, Mungu anisamehe:
mzazi akitangulia, mwana hatupwi,
hukabidhiwa mchakato namba moja,
ule ulioamka kabla ya yote,
nao hulea wasio wake hadi wa mwisho aage.
Pembezoni, alama ya mshangao. Moja.
Shangazi alikuwa amelala, redio ya betri kifuani.
Mimi ni wa tano katika aliowaokota.
Sikumwamsha nimwambie. Ningeanzia wapi?
Niliizima redio.

Mia na themanini na saba: penseli inakatika
katikati ya neno. "Sielew"
Baada ya hapo pembezoni ni peupe hadi jalada.
Labda alipata kazi Dodoma.
Labda alielewa, akaacha kuhitaji kuandika.
Labda baada ya arobaini ndugu waligawana vitu,
na karatasi hakuna aliyezitaka.

Nimechonga penseli yangu kwa wembe.
Kikatizo kinaingia, kiini kinaacha kila kitu kilipo,
kinahifadhi mahali kilipofika, kinaitika.
Hadi hapo nipo. Mstari unaofuata, sipo.
Nimesoma mara tatu.
Nimemmalizia neno lake, herufi moja, "i",
na chini yake, kwa mwandiko wangu mbaya:
"Hata mimi. Narudi Jumapili."