Mlango wa Nyuma

Ambakisye alikopa elfu thelathini msimu wa mbolea,
msimu wa kuvuna akaniletea mbwa.
Ndani ya kapu la ndizi, juu ya majani makavu,
kitu cheusi, tumbo kama kitumbua,
macho bado yana ukungu wa Rungwe.
"Huyu ni elfu ishirini, Mwalimu. Mama yake mkali mno.
Ile kumi tutaongea."
Nikamwita Deni.

Usiku wa kwanza alilia mpaka jogoo wa jirani akakata tamaa.
Mvua ya Tukuyu ilishapanga chumba juu ya bati langu
na kodi hailipi.
Nikamwingiza ndani.
Kabla sijafunga komeo
ameshatia sahihi katikati ya sakafu
niliyoipaka rangi nyekundu Jumamosi.

Kisha chini ya meza.
Kisha ndani ya kiatu cha kushoto
(cha kulia hakukigusa hata siku moja, sijui kwa nini).
Kisha juu ya mtihani wa kidato cha pili,
karatasi ya Lugano, swali la saba:
taja aina tatu za mvua.
Lugano alitaja mbili.
Ya tatu akaongeza Deni.

Nikamshika ukosi, nikamsukuma pua hadi kwenye dimbwi lake,
kama nilivyoona watu wakifanya,
nikainua kandambili.
Akatetemeka. Akakojoa tena.

Nikampigia mama, kule Masoko.
Alicheka mpaka mtandao ukakata.
Akapiga yeye:
"Pua ya mbwa ina kosa gani?
Akiamka, mtoe. Akila, mtoe.
Ukimwona anazunguka kama aliyepoteza sindano,
mbebe ukimbie.
Mpeleke pale pale kila siku, harufu yake imwite.
Akimaliza, msifu.
Akikosea, mwaga majivu, futa, nyamaza."

Nikasikia kuni zikipasuka jikoni kwake.

"Wewe ulikojoa kitandani hadi darasa la tatu.
Godoro la majani,
na huku kwetu jua huja kwa barua.
Nililikausha juu ya moto alfajiri,
kabla baba yako hajaamka.
Uliwahi kuulizwa?"

Sikuwahi.
Miaka yote nilidhani
magodoro ya watu wote yananuka moshi.

Basi saa saba usiku. Saa tisa. Saa kumi na moja.
Mlango wa nyuma, buti za mpira,
mwavuli uliovunjika mbavu mbili.
Namkinga yeye, nalowa mimi.
"Haya, Deni. Haya, baba."
Ananusa jani. Anamsikiliza chura.
Anakumbuka ana shughuli nyingine maishani.
Tunarudi,
na hatua moja baada ya kizingiti,
ndani, kwenye joto,
anakojoa kwa utulivu mkubwa.
Majivu. Tambara. Kimya.
Kimya ndicho kigumu, mama hakuniambia.

Wiki ya tatu, katikati ya usingizi,
kucha mlangoni: kwaru, kwaru.
Nikadhani panya.
Halafu nikaruka, buti nikaziacha.

Chini ya mgomba wa tatu,
katikati ya mvua yote ile,
nilisikia kamkojo kake kadogo
wazi kabisa,
kama mtu anayejaza kikombe chumba cha pili.

Nikapiga makofi peku kwenye tope.
"Ndaga! Ndaga fijo!" nikapaza,
kwa sauti niliyokuwa nimeitunzia siku ya matokeo.
Deni akanirukia magotini,
anashangilia asichokijua.

Ng'ambo ya ua taa ikawaka.
"Mwalimu! Kuna nini huko?"
"Deni," nikamjibu. "Limeanza kulipwa."

Taa ya Ambakisye ikazimika haraka sana.

Asubuhi nilikuta dimbwi chini ya meza.
Nikaenda jikoni kuchota majivu.