Lari Mbili

Ijumaa jioni niliikung'uta pochi mezani:
lari mbili, tiketi ya basi iliyofifia,
na kifungo cha koti nisilolijua.
Tsiuri akacheka, akakichukua kifungo.
"Hizo mbili ni za mkate wa Jumapili," akasema.
"Ukizigusa, utalala kwa mama yako."

Mshahara ulikuwa Jumatano,
na Jumatano, ukiitazama kutoka Ijumaa,
ni mlima usio na njia.

Shemeji yangu Badri alikuwa Batumi tangu adhuhuri.
Simu ikatetema: samaki kwenye sahani,
bahari nyuma, na mguu wake mchangani,
mguu mtupu, umekula nusu ya picha.
Nikaandika: Hongera.
Nikafuta. Nikaandika tena.

Asubuhi Nutsa alitaka kigari cha waya,
kile kinachoning'inia juu ya mto Rioni mpaka kilimani.
Nikamwambia kigari kina mafua.
Akanitazama. Ana miaka sita, si mjinga.
"Basi twende kwa miguu, tukakipe pole."

Tukavuka daraja. Mto ulikuwa umekonda,
mawe yake meupe yametoka nje kuota jua
kama wastaafu wa mtaa wetu.
Ngazi tulizihesabu: mia mbili na kumi na nne kwa hesabu yangu,
mia moja na elfu kwa hesabu yake,
nami sikuwa na ushahidi wa kumpinga.
Juu kabisa tukaketi ukutani, tunahema.
Kigari kikaja taratibu, kikajigonga, kikatulia,
wakashuka watu na nauli zao zilizokwishaliwa,
naye akawapungia mkono: "Mmechelewa!"
Bwana mmoja akavua kofia, akaomba radhi.

Jumapili Tsiuri alifumua godoro.
Sufu, alisema, imegandamana kama madeni.
Tukatandika shuka uani, chini ya mzabibu,
tukairundika, kila mtu na fimbo yake.
Piga! Ikaruka, ikatua, ikaanza kufutuka.
Nilipiga Jumatano.
Nilipiga samaki wa Badri.
Nilipiga mguu wa Badri, hasa mguu,
mpaka ikawa kicheko, kisha jasho,
kisha kitu nisichokijua jina,
kama unapovua kiatu kilichokubana siku nzima
ukagundua kwamba vidole bado ni vyako.

Bibi Venera wa ghorofa ya pili akashuka na fimbo yake mwenyewe.
Hakualikwa, hakuuliza.
Alipiga kama mtu mwenye orodha ndefu.
Alipochoka akatumwagia jozi kutoka kwenye aproni,
bado na maganda mabichi, za mti wa nduguye,
tukazimenya mpaka vidole vikawa vyeusi.
"Wino huu hautoki kwa sabuni," alisema.
"Unatoka ukitaka wenyewe."

Nutsa, sufu kichwani, akauliza
kama theluji nayo ni ya bure.
Bure kabisa, nikamwambia.
Kuni ndizo si bure.
Tsiuri akanikanyaga mguu, nikanyamaza,
nikaenda kununua mkate.

Ulikuwa wa moto, umechongoka ncha mbili,
ncha moja haikufika nyumbani.
Tuliula na jozi na kitunguu, tumesimama,
kwa kuwa meza ilikuwa imejaa sufu.

Usiku godoro lilikuwa limeumuka hivi
kwamba nilipoketi miguu haikugusa sakafu.
Kile kifungo kisicho na koti
Tsiuri amekishonea pembeni mwake, sijui kwa nini.
Nutsa akapanda katikati yetu, akashika ukuta kwa mkono mmoja.
"Tusimame," akasema, "kinaondoka."
Hatukusimama. Kikaondoka hivyo hivyo.

Jumatatu, Badri alirudi na pua iliyobabuka,
mchanga bado umo ndani ya viatu.
Akanishika mkono kunisalimu, akaugeuza,
akaviangalia vidole vyangu.
"Wikendi nzima ulikuwa unatengeneza gari?"

Ndiyo, nikamwambia.
Lilikuwa na mafua.