Ukanda wa Arobaini na Moja

Umetoka shingoni mwa mtu aliye hai bado,
pale ateri inapogawanyika panda,
moja iende usoni, moja ubongoni.
Hapo damu husita, huzunguka
kama mtu aliyesahau alichokijia chumbani,
na ukuta usiosuguliwa hushika ukoga.

Karatasi inasema: mwanamume, sabini na mbili. Basi.
Nje theluji ya Graz inayeyuka juu ya baiskeli.
Nimeukata upana wa milimita mbili.
Rangi yake njano, ya nta ya sikio,
na punje za chokaa zinaukwaruza wembe.
Nimeubana ncha zote mbili, nikauzamisha
katika maji ya chumvi yenye joto la mwili,
nikaiamuru mashine: vuta. Taratibu.

Mwanzo unakubali. Nyuzi zilizojikunja zinajinyoosha,
mstari kwenye skrini unatambaa chini chini.
Kisha zinakaza.
Mstari unasimama wima,
nami, baada ya kanda arobaini, bado nazuia pumzi.

Kamba hukatikia pembamba, ndivyo tujuavyo,
na pembamba nilikuwa nimepatia alama ya wino:
mikroni sitini, gamba tu juu ya uji wa mafuta.
Hapakukatika.
Ulichanika begani, kando ya kichokaa
kidogo kuliko chembe ya chumvi.

Alhamisi akaja Wendelin Prugger,
fundi mstaafu wa magari ya kamba milimani,
kovu jipya chini ya taya,
chupa ya mafuta ya mbegu za maboga kwapani.
"Daktari kasema uchafu wangu uko kwenu. Ni upi?"
Nikamwambia hapa hatuna majina, tuna namba.
Akacheka, akaomba aone hata wa mtu mwingine.

Nikamrudishia picha, polepole.
Kidole chake kilitua begani
kabla ukanda haujachanika.
"Kwenye kibanio," alisema. "Daima kwenye kibanio.
Waya hauvunjwi na uzito mtupu.
Huvunjika pale kigumu kinapokataa
kwenda na kilaini."
Halafu akauliza choo kiko wapi,
na basi la saa kumi kama hupita Jumapili.

Sikumwuliza umri wake.
Jioni nimeweka vidole viwili shingoni, chini ya taya,
pale panda, nikahesabu mpaka nikapoteza hesabu.
Mafuta yake ni mazito, kijani karibu na weusi.
Nimeyachovya kwa mkate,
nikijua ninachokijua,
nikachovya tena.