Soksi ya Kushoto

Alikuja na simu mpya ndani ya mfuko wa plastiki,
tayari inanuka chaza.
Hapa Tongyeong, kuanzia Oktoba mpaka Machi,
kila kitu dukani kwangu hunuka chaza, hata risiti.
"Inanikataa," akasema Bi Jomsun,
kama mtu anayemshitaki mkwe.

Tukajaribu gumba la kulia. *Jaribu tena.*
Cha shahada. *Jaribu tena.*
Cha kati, cha pete, cha mwisho, tukahamia mkono wa pili.
Nikapangusa kioo, nikampangusa na yeye,
nikakisogeza kidole chini ya taa ya kutengenezea saa:
hapakuwa na kitu.
Pale ambapo wengine tuna vilima na vijito
yeye ana uwanda, laini kama kijiko cha zamani.
Miaka thelathini na mitatu ya kisu kifupi,
magamba, maji ya chumvi, glavu zinazotoboka palepale.
Chaza wamemla mistari mmoja mmoja
naye hakuwadai.

"Basi tutumie uso," nikasema. "Rahisi.
Unaitazama, inafunguka. Unaitazama, umelipa."
Akavua kofia. Akaivaa tena.
"Uso wangu," akasema, "hulala wazi."

Nikaelewa kwa nini simu ya kwanza aliitupa baharini.
Ilikuwa ya bei ndogo, haikujali macho kufumba au kufumbua.
Byongho, mwanawe wa pekee, mwenye madeni ya kamari,
aliingia usiku bila viatu,
akaishika juu ya uso wa mama yake
kama mtu anayemulika kisima,
nayo ikamwambia: karibu.
Milioni nne za woni ziliondoka bila kukanyaga sakafu.
Asubuhi kulipikwa supu nzuri sana.
Sikuuliza nani alimpikia nani.

"Namba ya siri, basi?"
Akacheka mpaka akakohoa.
Namba pekee anayoikumbuka
ni siku aliyozaliwa Byongho.

Nimeuza simu miaka kumi na minane.
Sikuwahi kumwona mteja akiinama, akifungua buti la mpira,
akivuta soksi ya sufu, ya kijivu, ya kushoto,
na kuniwekea mguu juu ya kaunta.
"Huu haujafungua chaza hata mmoja."
Gumba la mguu! Jeupe, limekunjamana kwa maji,
na juu yake mistari yote, mizima,
mizunguko kama ya kisiki kilichokatwa jana.
Simu ikalipapasa mara nane, ikaridhika.
"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akivaa,
"basi na kinilindacho nakiweka humohumo."

Mji mzima ukajua.
Kwa muuza mikate foleni ilisubiri, theluji ikianguka,
bibi mmoja akishika ukuta, akipepesuka kwa mguu mmoja,
mpaka mashine iseme *ti*.
Watoto walipiga makofi.
Yeye aliinamisha kichwa kidogo, akachukua mkate wake.

Februari hii alianguka kiwandani, nyonga.
Nilikwenda kumwona na chaja, maana ndicho nilicho nacho.
Mhasibu wa hospitali alikuwa mlangoni na karatasi,
na Byongho chini, magotini, upande wa miguuni,
simu ya mama yake mkononi.
Nikasimama. Nusura nipige kelele.

Hakuwa ameigusa soksi.
"Mama," alikuwa akisema, "niruhusu?"
Na akarudia, kwa sauti ya mtu aliyekataliwa na vioo vingi,
"Mama, niruhusu?"

Bi Jomsun aliangalia dari kwa muda.
Kisha akausukuma mguu wa kushoto nje ya blanketi,
kidogo tu,
akafumba macho.
"Vuta polepole," akasema. "Ina tundu."