Pini za Kijani

Ukutani mwa ofisi yetu, ghorofa ya tatu, hapa Kentucky,
imetundikwa ramani ya mji yenye matundu
kama sweta lililoliwa na nondo.
Kila tundu ni mtoto.
Kijani kwa weusi, manjano kwa wengine wote;
dukani siku ile hapakuwa na rangi nyingine.

Asubuhi hii Bwana Stansbury wa idara ya sheria
ameniletea bakuli la saladi, tupu.
"Zing'oe, Odessa. Zote.
Hukumu imetoka."

Mwaka wa sabini na tano nilikuwa na miaka minane.
Mahakama ilinipandisha basi.
Mama alinifunga riboni, akanitilia mkate wa mahindi mfukoni,
na dereva akatuambia tulale sakafuni
tukikaribia daraja la reli,
maana jiwe halijui jina la mtoto.

Ile ilikuwa amri.
Amri ilipoondolewa tuliketi ukumbini,
viti vya chuma, kahawa kama maji ya kuoshea vyombo,
tukabishana hadi saa nne usiku,
tukasema: mabasi yaendelee.
Sisi wenyewe.
Hakuna aliyetushika shingo.

Leo mahakama iliyosema pandeni
inasema shukeni.
Sheria ni msumeno, walisema wahenga.
Hawakusema unga wa mbao hufagiwa na nani.

Lakini sitajitakasa.
Nilimwona Coreen Haldane pale dirishani,
koti linachuruzika mvua,
barua yetu mkononi, saini yangu chini yake.
Wyatt wake, miaka mitano, alikuwa akihesabu vigae.
Shule iko mitaa minne kutoka kwao.
Nafasi zilikuwepo. Hazikuwa zake.
"Mwanangu amekosa nini?"
Nikamtajia asilimia.
Asilimia haina pua; mtoto alikuwa nayo,
na kamasi zilimfika mdomoni.
Nikampa karatasi ya kufutia.
Ndicho kitu pekee nilichokuwa na ruhusa ya kutoa.
Akaenda kwa wakili.
Mimi kwa mwanangu ningekwenda na viatu mkononi.

Msiwahesabu kwa rangi, inasema hukumu.
Sawa.
Nani ataiambia benki,
nani ataiambia reli,
nani ataiambia bei ya nyumba ng'ambo ya pili,
zilizohesabu kabla sijazaliwa
na hazikuwahi kuhitaji pini?

Nang'oa.
Zinalia ndani ya bakuli kama mvua kwenye bati.
Mtaa kwa mtaa, hadi ncha za vidole zinawaka.
Adhuhuri ramani imebaki na matundu yake,
na bakulini, kijani na manjano
zimechanganyika vizuri,
kuliko darasa lolote nililowahi kupanga.

Bwana Stansbury anarudi, visanduku viwili kwapani.
"Zitenganishe kwanza," ananiambia,
"ndipo uzipeleke stoo."