Kiti Kisicho na Mgongo

Mgongo wangu ulianza kusema mwaka wa kumi na mbili kazini,
saa tano asubuhi, katikati ya talaka rejea.
Nilikuwa nimeandika "mbele yangu mimi karani",
nikataka kuinuka, kiuno kikakataa kunifuata.
Kadhi akangoja. Mashahidi wakangoja.
Nikasimama kwa vipande, kama ngazi ya kukunja.

"Ni kukaa," alisema Nyamvula wa chumba cha viungo,
vidole vyake vikipanda pingili moja moja
kama mtu atafutaye kitasa gizani.
"Hujabeba kitu kizito, Swafia. Umebeba kukaa."

Nyumbani kwetu Mkomani kuna kiti cha enzi cha babu,
mpingo mtupu, pembe zimepachikwa, nyuzi zimesukwa,
mgongo umenyooka kama alifu.
Kilitengenezewa watu waliokuja nusu saa,
wakanywa kahawa, wakatamka neno moja la maana, wakaenda zao.
Hakikutengenezewa karani.
Nilikijaribu siku tatu. Kilinipa heshima,
maumivu hakikuyagusa.

Kisha kile cha magurudumu, cha kuazima;
lakini sakafu yetu ya mahakamani ina mwinamo wake wa tangu zamani,
nami nikawa naondoka mezani polepole
huku naandika,
kama mgeni anayeaga kwa adabu.

Basi mpira.
Nyamvula aliniandikia hesabu nyuma ya karatasi ya dawa:
mfupi hutosheka na sentimita hamsini na tano,
mrefu sitini na tano.
Unyayo wote chini. Goti lisiipite nyonga.
Anza na dakika ishirini, usijitie ushujaa.
Na usinunue ule wa bei ya kutupa, upasukao kwa kishindo;
tafuta ule ambao ukitobolewa hupumua,
hushuka taratibu, hukuweka chini
kama mama amwekavyo mtoto aliyelala.
Nikaupigia mstari huo mara mbili.
Sikumbuki kitu kingine maishani nilichokichagua
kwa namna kitakavyoharibika.

Ulikuja kwa boti kutoka Mokowe, umekunjwa mfukoni,
wa kijivu (wa waridi niliukataa), unanuka duka.
Pampu sina. Pampu anayo Shekuwe, nahodha wa timu ya Langoni,
ambaye aliniuliza mara tatu
ninacheza nafasi gani.
"Benchi," nikamwambia.

Mama aliutazama ukivimba ukumbini.
"Utaketi yuu ya mpira? Mbee ya kadhi?"
"Ndiyo, mama."
Akaingia ndani, akarudi na leso kuukuu,
akaufunika, akaifunga fundo kwa chini.
"Basi walau uvae."

Wiki ya kwanza niligundua kuwa tumbo lina misuli
na kwamba misuli ina kinyongo.

Jumatatu moja wakaja Famau na Mwanashee kuachana.
Walikaa ncha mbili za benchi, kati yao pochi na bahasha.
Nikanyoosha mkono kuufikia muhuri,
mpira ukanitoka upande, nikaudaka kwa makalio,
nikadunda, mara moja, mara mbili,
kalamu hewani, buibui limejaa upepo.
Famau akaziba mdomo. Mwanashee akacheka wazi,
cheko la jikoni, la watu waliokwisha zoeana,
wakatazamana.
Kadhi akakohoa. Mimi nikaishikilia kalamu bila kuiandikia,
maana binadamu hutumaini.

Kisha wakatia sahihi, mume kwanza, mke baadaye,
herufi zake bado zinatikisika kwa kicheko.

Sasa ni mwezi wa nne. Mgongo haujanyamaza,
ila umejifunza kunong'ona.
Adhuhuri huurudia ule wa kawaida, wa mbao, nikapumzika kupumzika.
Alhamisi huubonyeza mpira kwa kidole gumba,
nikaona haja, humfuata Shekuwe.

Jana nilisahau funguo, nikarudi baada ya laasiri.
Mlango umerudishwa nusu. Ndani, Sheikh Muhsini peke yake,
kilemba mezani, jalada limefunguliwa kwa kisingizio,
anapanda na kushuka kidogo kidogo juu ya leso ya mama,
magoti yamempanda karibu na kidevu.
Hakushtuka.
"Hii ni sentimita ngapi?"
"Hamsini na tano, sheikh. Wewe utataka sitini na tano."
Akafikiri kama afikirivyo juu ya mirathi.
"Ya kijivu?"