Mita Sitini

Baba yangu, Hernaldo Quiroga, hakuwahi kuondoka Valparaíso.
Alipanda na kushuka.
Kibehewa chekundu, kilima cha Las Perdices,
reli ya mita sitini iliyolala kifudifudi juu ya mwamba,
na yeye mlangoni, mkono kwenye kishikio cha shaba,
akihesabu vichwa na sarafu.

Nikiwa na miaka sita niliapa kwamba hatusogei.
Ona magoti yako, nilimwambia, ona kofia yako,
ona kikapu cha Bi Ormeño na vitunguu vyake:
vyote vimetulia tuli.
Ni nyumba ndizo zinazoshuka, Baba.
Madirisha ya buluu, nguo kwenye kamba,
yule paka wa fundi viatu,
vyote vinazama kuelekea bandarini.
Hakunibishia.
"Chagua kwanza unaposimama," alisema,
"ndipo useme nani anakwenda."

Darasa la nane, Mwalimu Iturra akatupa kazi:
pimeni kitu kimoja chenye mwendo.
Nikachukua chaki, na saa ya marehemu mama
iliyokuwa ikichelewa dakika moja kwa siku,
nikachora alama kila mita kumi kwenye ukingo wa reli.
Chini hadi juu, sekunde themanini.
Sitini gawanya kwa themanini:
robo tatu ya mita kwa sekunde.
"Mwendo wa ajuza anayekwenda kanisani," Baba akacheka,
"asiye na dhambi ya kumkimbiza."

Katikati ya mlima kibehewa cha kijani hutupita,
waya mmoja umevifunga viwili,
kasi ile ile, hata nukta haizidi,
ila sisi tunapanda, wao wanashuka.
Mbele ya namba yao Mwalimu akaweka alama ya kutoa.
Wenceslao, utingo wa kijani, alipoambiwa kuwa yeye ni hasi
alinuna wiki nzima.

Mchapuko niliujua kwa kahawa.
Kikombe cha Baba kilikaa rafuni, karibu na dirisha.
Waya ukivuta, kahawa inarudi nyuma,
inapanda ukingo, inalamba mkono wa kikombe.
Kisha, sekunde nyingi za katikati, inakuwa bapa kama meza;
fumba macho, hutajua kama uko safarini.
Karibu na kilele, breki: kahawa inainamia mbele
kama mtu aliyesahau jambo.
Nikaandika daftarini:
*Kwenda hakumwagi kitu. Kinachomwaga ni kubadilika.*
Mwalimu Iturra akapiga mstari chini yake, mara mbili,
akanisahihisha tahajia.

Usiku ule nilipiga hesabu mezani, supu ikipoa.
Safari tisini kwa siku. Siku mia tatu kwa mwaka.
Miaka thelathini na mmoja.
Kilomita elfu hamsini, na mia mbili na ishirini za nyongeza!
Baba, umeizunguka dunia na chenji imebaki!
Akapangusa masharubu.
"Na ule mwingine? Ule mstari mnyoofu,
kutoka ulipoanzia mpaka ulipoishia?"
Mhamo.
Kila usiku kibehewa hulala chini, pale pale kilipoamkia.
Sikutaka kujibu. Penseli ikajibu.
Aliitazama sifuri ile kwa muda,
kisha akaomba chumvi.

Siku yake ya mwisho, mwezi wa Juni, mvua ya kukera,
kampuni ilitaka funguo saa mbili usiku,
kituo cha chini, pamoja na kofia.
Safari ya themanini na tisa ilitufikisha juu.
Ya tisini hakuifanya.
Alizima taa, akafunga mlango,
akanipa kikombe nikishike.
Wenceslao alipiga kengele kutoka chini, mara tatu,
halafu akanyamaza, nadhani alielewa.

"Toa daftari," Baba akasema.
Nikaandika sitini, wino ukichuruzika kwa mvua.
Alichungulia begani mwangu.
"Na upande," akasema. "Usisahau kuandika upande."